Je, wajua ile "kwaya" ya Bohemian Rhapsody ni watu watatu tu?

Nianze kwa kukiri kosa. Kwa miaka mingi nilikuwa nabishana na watu kwamba pale katikati ya Bohemian Rhapsody, wimbo unapogeuka ghafla kuwa opera, ile michezo ya kuigiza ya Ulaya inayoimbwa, na sauti zinarushiana "Galileo" toka kila kona, wenye wimbo, bendi ya roki ya Uingereza iitwayo Queen, walikodi kwaya. Tena sio kwaya ya kubahatisha, mimi nilikuwa nasema watu mia, majoho yamenyooshwa pasi, wamepangwa ngazi kwa ngazi kama siku ya mashindano ya kwaya ya dayosisi. Nani aliniambia? Hakuna. Nilisikia tu, masikio yakahesabu yenyewe, nami nikayaamini.

Sasa kuna jamaa yangu anafundisha kwaya, siku moja akanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza kitu kimoja: "hiyo kwaya yako ya watu mia, mbona haina akina mama?" Nikamwambia bana, zile sauti za juu kabisa ni za nani kama sio za akina mama. Tukawekeana soda. Soda nilinunua mimi.

Zile sauti za juu ni za Roger Taylor, mpiga drams. Sauti nene za chini ni Brian May wa gitaa, na katikati, zenye nguvu kuliko zote, ni Freddie Mercury. Basi, wameisha. John Deacon wa besi hakuimba kabisa. Na ukimwambia mtu hivyo, kama nilivyofanya mimi baada ya kushindwa hoja ya kwanza, anakimbilia hoja ya pili, "aa, basi ni mashine". Hapana bana. Ni mwaka 1975, kompyuta ya kuzidisha sauti studio hakuna, na hao jamaa kwenye majalada ya albamu zao za miaka ile walikuwa wanaandika kabisa kwamba hawajatumia sintesaiza, yaani kinanda cha umeme cha kutengeneza sauti, maana walishachoka kushukiwa.

Historia naipitia haraka maana wengi mnaijua. Freddie jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi (jamii ya India yenye asili ya Uajemi), kazaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akapelekwa shule ya bweni Panchgani huko India, akarudi, mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Wimbo wakaanza kurekodi 1975 studio ya Rockfield, shambani huko Wales, produsa ni Roy Thomas Baker, halafu wakahamahama studio nyingine kadhaa kuumalizia.

Utamu wenyewe uko kwenye tepu, hapa nitakaa kidogo.

Tepu ya studio ya wakati ule ni utepe wa plastiki wenye upana wa inchi mbili, umepakwa unga laini wa chuma, yaani kwa lugha ya mtaani ni kutu iliyogandishwa kwenye plastiki. Mashine inaugawa huo utepe kwenye leni 24, fikiria barabara, kila leni inabeba kitu kimoja. Drams zikichukua leni zao, besi yake, piano yake, gitaa zake, zinazobaki kwa ajili ya sauti za watu hazitoshi hata kidogo kwa kitu alichokuwa nacho Freddie kichwani.

Kwa hiyo wakafanya kama mwenye nyumba aliyeishiwa vyumba siku ya harusi. Watu watatu wanasimama mbele ya maiki, wanaimba mstari mmoja, unaingia leni ya kwanza. Wanaimba uleule tena, leni ya pili. Tena, leni ya tatu. Hapo una sauti tisa kwenye vyumba vitatu. Sasa unazipiga hizo leni tatu kwa pamoja na kuzirekodi zote kwenye leni moja iliyo wazi, yaani wageni wote tisa unawalaza chumba kimoja, halafu vile vitatu unavifuta na kuanza upya na mstari mwingine. Hesabu hii ni ya mfano tu ili tuelewane, lakini mchezo ndio huo, na waliurudia mpaka leo inatajwa kwamba sauti zilizolazwa juu ya nyingine zilifika kama 180. Namba hiyo ichukue kama makadirio. Sehemu ya opera peke yake ilikula wiki kama tatu, na siku nyingine walikuwa wanaimba masaa kumi mpaka kumi na mbili.

Utauliza, lakini si ni watu walewale watatu, kwanini isisikike kama watu watatu wanaopiga kelele? Kwa sababu binadamu hawezi kuimba noti moja mara mbili sawasawa. Mara hii umepanda unywele mmoja, mara ile umechelewa kidogo tu, na sikio likikutana na tofauti ndogondogo kama hizo linaamua kuwa hao ni watu wengine. Ungechukua sauti ileile moja ukainakili mara hamsini bila mabadiliko, ungepata mtu mmoja mwenye sauti kubwa, basi. Kinachoifanya kuwa kwaya ni yale makosa madogo.

Ila bure haikuwa. Waliowahi kunakili kaseti za taarab nyumbani wanajua, kopi ya kopi ya kopi inakuja na ule mvumo wa shhhh na sauti inafifia. Na ukishachanganya sauti tisa kwenye leni moja hutoi tena, ni kama chumvi kwenye mchuzi. Halafu kila tepu inapopita kwenye mashine inasuguliwa, ule unga wa chuma unabanduka kidogo kidogo. Brian May amesimulia kwamba ilifika mahali ukiinua tepu kwenye mwanga unaona upande wa pili. Na Baker naye alisimulia kwamba kila Freddie akija na "Galileo" nyingine ilibidi akate tepu na kuunga kipande kipya, mpaka ikizunguka mashineni inaonekana kama zebra ya barabarani inapita kwa kasi. Napenda sana hiyo picha, opera imeshikiliwa na gundi.

Wazanzibari huwa wanauliza kuhusu ile "Bismillah" iliyomo. Freddie hakupenda kueleza maana ya mashairi yake, na dini ya nyumbani kwao ilikuwa Uzoroasta, dini ya kale ya Uajemi, sio Uislamu, kwa hiyo anayedai anajua kwa hakika alimaanisha nini anakisia. Mimi nakisia tu kwamba mtoto wa Mji Mkongwe hahitaji kamusi kulijua neno hilo.

Wimbo ulikuwa na dakika 5 na sekunde 55, na kabla haujatoka tarehe 31 Oktoba 1975 watu wa biashara wakasema hakuna redio itapiga kitu kirefu hivyo. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio akaupiga mara 14 wikiendi moja. Uingereza ukakaa namba moja wiki tisa, Freddie alipofariki Novemba 1991 ukarudi namba moja, na 1992 filamu ya Wayne's World ikaufikisha namba mbili Marekani, huko ambako mara ya kwanza uliishia namba tisa.

Na kama bado una ubishi kama wangu wa zamani, angalia shoo zao za laivu. Wanapiga mwanzo vizuri tu, ikifika opera wanaondoka jukwaani. Kweli, wote wanne. Taa zinawaka, moshi unatoka, tepu inaimba yenyewe mbele ya maelfu ya watu, halafu gitaa la roki likiingia ndio wanarudi mbio. Watu watatu hawawezi kuwa mia kwa wakati mmoja, na hawakujaribu kuigiza kwamba wanaweza.