Ufafanuzi: Asiye na gari naye hulipia barabara

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp nchini Kenya kila barabara inapojaa mashimo. Unasema barabara hulipiwa na wenye magari pekee, basi anayetembea kwa miguu au kupanda matatu hana haki ya kulalamika.

Si kweli. Sheria ya mwaka 1993 iliweka ushuru wa matengenezo ya barabara ndani ya bei ya petroli na dizeli. Tangu Julai 2024 ni shilingi 25 kwa kila lita. Kabla ya hapo ulikuwa shilingi 18. Mwendesha boda akijaza lita nne ametoa shilingi 100, na fedha hizo huzirudisha kupitia nauli yako. Lori la unga, la saruji, la sukuma wiki kutoka shambani, yote ni hivyo hivyo. Mama mboga ambaye hajawahi kushika usukani amekuwa akichangia miaka yote, na ana kila haki ya kuuliza mbona mtaro mbele ya kibanda chake umeziba.

Kuthibitisha ni rahisi. Bei mpya za mafuta hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, pamoja na mchanganuo wa kodi. Tafuta mstari wa ushuru wa barabara.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu kondakta hatoi risiti inayoutaja ushuru huo. Ukiupata ujumbe ule tena, tafadhali usiusambaze. Unawanyamazisha waliokwisha kulipa.