Mguu wa farasi haujulikani mpaka uushike

Wengi wetu katika fani ya mifugo tulijifunza viungo kwa ng'ombe na mbuzi. Farasi tulikutana naye kwenye mchoro. Mchoro unakupa majina, lakini haukuonyeshi nguvu inapita wapi. Kwa hiyo mafunzo mazuri ya vitendo huanzia mezani, kwa mguu wa farasi aliyekufa, kisu na glavu.

Ngozi ikishatoka, kinachoshangaza ni kwamba kuanzia goti la mbele kwenda chini karibu hakuna nyama. Ni mifupa, kano (nyuzi ngumu zinazounganisha msuli na mfupa) na ligamenti (nyuzi zinazounganisha mfupa na mfupa). Misuli inayokunja kwato imekaa juu, nayo huvuta kwa kano mbili ndefu zinazoteremka nyuma ya mguu. Ivute ile ya ndani, iliyo karibu na mfupa, kwato inakunjika. Ikate, kisha kandamiza mguu kama unaobeba mwili: ncha ya kwato inanyanyuka. Ukimkuta farasi aliyejikata kwa waya akikanyaga hivyo, hutauliza nini kimekatika.

Mguu wa nyuma una utamu wake. Goti halisi liko juu, karibu na tumbo. Kiungo kile kilichochongoka nyuma ni kisigino. Viungo hivi viwili vimefungamanishwa na kano mbili, moja mbele na nyingine nyuma, kiasi kwamba ukikunja goti, kisigino nacho hukunjika chenyewe. Kata kano ya mbele ujaribu tena: goti limekunjwa, lakini kisigino unaweza kukinyoosha, na kano kubwa iliyo juu yake inalegea. Kwa farasi hai unayeshuku amekatika kano hiyo, kipimo ni hichohicho, kwa mikono mitupu. Altrasaundi huja kuthibitisha tu.

Baada ya hapo ndipo atolewe farasi hai, atembezwe kwenye sakafu ngumu, kisha akimbizwe mbio ndogo. Miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito, na mmoja ukiuma, kichwa hupanda unapotua na kushuka unapotua ule mzima. Wanaoanza hukodolea macho mguu. Tazameni kichwa.

Wanaohudumia punda, ambao kwetu Afrika Mashariki ni wengi kuliko farasi, watayatumia haya karibu yote. Ila kwato ya punda ni nyembamba na imesimama zaidi, hivyo msiichonge mpaka ifanane na ya farasi. Punda pia ni mvumilivu mno: akianza kuchechemea waziwazi, huenda ameumia siku nyingi.