Kuchagua Vifaa vya Kompyuta ya Mezani kwa Bajeti Ndogo Ukiwa Kigoma

Mteja anayetaka nimuunganishie kompyuta ya mezani huanza kuuliza habari za prosesa, chipu inayoendesha kompyuta, na pawa saplai, kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, huikumbuka mwisho, fedha zikiwa zimekwisha. Mimi humwomba tuanze na hiyo. Vifaa vyetu vingi huagizwa Kariakoo na husafiri zaidi ya kilomita 1,200 hadi huku mwisho wa reli, kwa hiyo kifaa kikiungua au kikikataa kuendana na vingine, nauli ya kukirudisha na siku za kusubiri humaliza nafuu yote iliyopatikana kwenye bei.

Ukiigeuza pawa saplai ya bei ya chini kabisa, mara nyingi utakuta nyuma yake kiswichi kidogo chekundu chenye namba 115 na 230. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Kiswichi kikiwa kwenye 115 ukawasha, sakiti ya ndani huzidisha volti hizo maradufu, na kapasita kubwa za mwanzo, vifaa vinavyohifadhi umeme kwa muda, hupasuka papo hapo. Saplai iliyo bora hupokea yenyewe kuanzia volti 100 hadi 240, jambo linaloisaidia pia kustahimili umeme unaposhuka. Soma na kibandiko cha ubavuni: tafuta ampea za laini ya volti 12, kisha zidisha kwa 12. Ampea 18 ni wati 216 tu, hata kama kwenye boksi imeandikwa 500 kwa herufi kubwa, na prosesa pamoja na kadi ya picha, ile inayotengeneza picha za skrini, hutegemea hasa laini hiyo. Alama ya 80 Plus ni njema, lakini hupima ufanisi wa kubadili umeme, haipimi uimara wa vifaa vya ndani.

Kwa mwenye steshenari au mwanafunzi, napendelea prosesa yenye uwezo wa picha ndani yake, kama Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, yenye koa 6, yaani sehemu sita za kufanyia kazi, na makadirio ya wati 65, kwa sababu humwondolea gharama ya kadi ya picha. Prosesa za Intel ambazo jina lake huishia na herufi F huwa na bei nafuu, lakini hazina uwezo huo, na bila kadi ya picha, skrini haitaonyesha chochote. Jihadhari pia na mazabodi, ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote: aina ya B450 ilitoka mwaka 2018, kabla ya 5600G, na ikiwa bado ina bayosi ya zamani, yaani programu yake ya kuwashia kompyuta, haitaitambua prosesa hiyo ingawa inaingia vizuri kwenye soketi. Kuisasisha bayosi hiyo huhitaji prosesa ya zamani zaidi ya kuazima, ambayo si rahisi kuipata mjini hapa, au mazabodi yenye kitufe cha kusasisha bayosi bila prosesa. Mwambie muuzaji akuhakikishie toleo la bayosi kabla hajafunga mzigo.

RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nunua mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16, kwani picha za ndani ya prosesa hutumia kumbukumbu hiyohiyo na hupata kasi zaidi njia zikiwa mbili. SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka, haina mjadala. Diski ngumu ya kuzunguka ibaki ya kuhifadhia mafaili. Kasha liwe lolote lenye matundu mbele na kichujio cha vumbi kinachotoka na kuoshwa.