Silaha za Kale za Wamoro: Risiti ya Dukani Si Kibali cha Kuzisafirisha

Tangu sheria ya urithi wa utamaduni ya Ufilipino, yaani Sheria ya Jamhuri Na. 10066, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2023, wakusanyaji wa kris, barong na kampilan, yaani panga za jadi za Wamoro (jamii za Waislamu wa kusini mwa Ufilipino), wamekuwa wakituuliza maswali mengi kuhusu kuzitoa nchini, na aghalabu huuliza wakiwa wameshalipa. Hatuna shaka kwamba wanavipenda vitu hivi kwa dhati.

Sheria hiyo huvichukulia vifaa vya jadi vya jamii za Ufilipino kuwa mali muhimu ya utamaduni, mpaka mamlaka itamke vinginevyo. Kwa hiyo silaha ya kale ya Watausug au Wamaranao, ambao ni miongoni mwa Wamoro, haitolewi nchini bila kibali, na kwa vitu vya aina hii mwombaji huanzia Makumbusho ya Taifa mjini Manila. Ombi liwasilishwe angalau siku 30 kabla ya tarehe ya kuondoka. Kabla ya marekebisho, sheria hiyo ilimwekea mkiukaji faini isiyopungua peso 200,000, au kifungo kisichopungua miaka 10, au vyote viwili. Zaidi ya hayo, sheria ya mwaka 1978 inakataza kubeba silaha yenye makali nje ya makazi isipokuwa kama zana ya kazi, na adhabu yake ni kifungo cha mwezi 1 hadi mwaka 1 au faini ya peso 200 hadi 2,000. Mpini ukiwa na pembe ya ndovu, kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, nacho kinahitajika, hata kama kitu chenyewe ni cha kale. Kauli ya muuzaji kwamba “hii ni ya zamani, haina tatizo” haina uzito wowote mbele ya forodha. Tumekwisha kulieleza hili mara nyingi.

Kuhusu umri, tafadhali tuache kuhesabu mawimbi ya bapa. Kris nyingi halisi za Wamoro zimenyooka kabisa. Tazama badala yake sehemu pana iliyo karibu na mpini: katika kris za kale, kipande kiitwacho ganja kilifuliwa peke yake kisha kikaunganishwa na bapa, hivyo mwanya mwembamba huonekana pande zote mbili, ilhali katika nyingi za karne ya 20 mhunzi alifua chuma kimoja na kuchora mstari tu mahali pa mwanya huo. Ni dalili nzuri, ingawa haitoshi peke yake kutoa uamuzi.

Linalotuumiza zaidi ni msasa. Bapa la tabaka za chuma likisuguliwa mpaka ling’ae, michirizi aliyoidhihirisha mhunzi hufutika, na alama za matumizi hupotea pamoja nayo. Kutu hai iondolewe taratibu kwa mafuta mepesi na kitambaa laini, bila tindikali, na ala ya mbao isipakwe vanishi. Kabla ya kugusa chochote, piga picha pande zote, pima urefu, kisha andika ulikonunua na aliyekuuzia alikipata wapi. Nakala ya maelezo hayo iambatanishwe na ombi la kibali.