Vikari wa kitume ni askofu wa namna gani?

Kwa daraja, vikari wa kitume aliyewekwa wakfu ni askofu kamili: hubariki krisma (mafuta matakatifu), hutoa Kipaimara, huwapadirisha mashemasi. Anachokosa ni jimbo. Eneo lake, yaani vikarieti, halijakomaa kuwa jimbo, kwa hiyo analiongoza kwa niaba ya Papa. Na kwa kuwa kila askofu lazima awe na jina la kanisa fulani, hupewa la jimbo la kale lililokwisha kufa.

Mfano ni Frederic Baraga, Mslovenia aliyesomea sheria Vienna kabla ya upadre, aliyewekwa wakfu Cincinnati, Marekani, tarehe 1 Novemba 1853. Kwenye hati alikuwa askofu wa Amyzon, magofu yaliyo katika Uturuki ya leo. Kazi yenyewe ilikuwa Upper Michigan, kaskazini mwa Marekani, kando ya Ziwa Superior. Hakuwa mgeni kwa Waodawa na Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko: alianza utume kwao mwaka 1831, na sarufi yake ya Kiojibwe ilichapishwa 1850. Nadhani hilo lilimfaa kuliko hati yoyote.

Vikarieti changa hukwama kwa mambo mawili. La kwanza ni fedha na mapadre. Sadaka za waumini wachache hazitoshi, ndiyo maana Baraga alitegemea chama cha Leopoldine cha Vienna, kilichoundwa 1829 kusaidia misheni za Amerika, na mara tu baada ya kuwekwa wakfu alikwenda Ulaya kutafuta vyote viwili. La pili ni njia. Ziwa likiganda, meli husimama. Hapo alitembea na viatu vya theluji: fremu ya mti uliopindwa, katikati imesukwa kamba za ngozi, ili uzito utawanyike na mguu usizame.

Mwaka 1857 vikarieti ikawa Jimbo la Sault Sainte Marie. Mtu yuleyule, theluji ileile, ila sasa aliongoza kwa mamlaka ya kiti chake mwenyewe, yaani makao ya askofu wa jimbo. Kiti nacho kilikuwa pembeni mno: mji wa Sault Sainte Marie uko mwisho wa mashariki wa eneo hilo, ilhali watu walimiminika magharibi kwenye migodi ya shaba na chuma. Akakihamishia Marquette, bandari ya chuma, na huko akafariki tarehe 19 Januari 1868.

Tanganyika nayo ilipitia hatua hiyo. Laurean Rugambwa alikuwa vikari wa Kagera ya Chini, kwa jina askofu wa Febiana, hadi tarehe 25 Machi 1953 vikarieti yake ilipofanywa Jimbo la Rutabo.