Je, wajua kwa nini waifai ya nyumbani hukatika ukitoka barazani kwenda uani?

Ukipanda daladala Kigoma mjini kwenda Ujiji huku unaongea na simu, mazungumzo yanahama mnara hadi mnara na kwa kawaida hata hujui. Ukishafika nyumbani, unaiunganisha simu na waifai, unampigia mwanao video ya WhatsApp ukiwa barazani, kisha unainuka kwenda uani ili bibi yake naye amwone. Kabla hujafika, picha inaganda. Tena nyumba hiyo ina meshi, yaani vifaa viwili vya waifai vinavyosaidiana kwa jina moja, na vilinunuliwa kwa sababu hiyohiyo. Iweje barabara nzima ivukike, korido ya nyumba isivukike?

Tofauti iko kwa mwenye uamuzi. Kwenye minara ya simu, mtandao ndio unaoamua. Simu inapima minara inayoisikia na kutuma taarifa, mtandao unaiandalia nafasi kwenye mnara unaofuata, kisha unaiamuru ihame. Mfumo huo ulitengenezwa kwa watu walio safarini tangu mwanzo: huduma ya kwanza ya kibiashara ilianza Tokyo mwaka 1979, na simu zake zilifungwa ndani ya magari. Waifai ina asili nyingine. Kanuni zake za kwanza, zinazojulikana kwa namba 802.11, zilitoka mwaka 1997 kwa ajili ya kuunganisha kompyuta bila waya, na suala la kuhama likaachiwa kifaa cha mtumiaji. Mpaka leo ni hivyo. Ruta, yaani kifaa kinachorusha waifai, ni kama konda stendi: anaweza kukuita, kukuelekeza, hata kukataa kukupakia, lakini wewe abiria ndiye unayeamua kushuka gari hili na kupanda lile.

Na simu ni abiria mgumu kushuka. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa dBm, namba hasi ambayo kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Apple wameeleza kwamba iPhone haianzi kutafuta kifaa kingine mpaka mawimbi yashuke chini ya -70 dBm. Ikishaanza, kama kuna data inapita, haihami mpaka ipate kifaa kilichozidi kile cha zamani kwa dB 8 (dB ni kipimo cha tofauti kati ya nguvu mbili), ambazo ni nguvu takriban mara sita. Kama simu imetulia tu, inataka dB 12. Simu za Android zina vipimo vyake, vinavyotofautiana kwa kampuni na toleo.

Sasa chukua nyumba zetu za Kiswahili za Ujiji: baraza mbele, korido imenyooka katikati, vyumba kulia na kushoto, mlango wa nyuma, kisha uani penye jiko na vyumba vya wapangaji. Ruta ikiwekwa sebuleni karibu na korido, mawimbi yake yanateleza moja kwa moja hadi uani kupitia mlango wa nyuma ulio wazi. Tuseme simu yako ukiwa pale mlangoni inasoma -68. Kifaa cha pili kiko chumba cha uani, nyuma ya ukuta wa matofali, na mawimbi yake pale mlangoni ni -63. Kwa macho ya binadamu kile cha pili ni bora. Kwa simu, -68 bado haijafika -70, kwa hiyo haitafuti chochote. Unapiga hatua chache, unakata kona kwenda jikoni, ukuta na bati vinaingia katikati, na -68 inaporomoka hadi -80 kwa mkupuo. Hapo ndipo simu inaposhtuka na kuanza kukagua chaneli, yaani masafa ambayo vifaa vya waifai hurushia, moja baada ya nyingine. Kukagua huko ndiko kunakokula muda mwingi. Kusalimiana na kifaa kipya na kubadilishana funguo za siri ni kazi ndogo ukilinganisha. Video iliyokuwa ikiendelea haiwezi kusubiri.

Kwa hiyo kabla hujanunua kifaa cha tatu, jambo ambalo wengi hulikimbilia na ambalo naona ni kupoteza pesa, fanya jaribio. Kaa sehemu moja, usitembee, piga video. Ikikatika ukiwa umekaa, tatizo si kuhama. Huenda ni laini ya intaneti yenyewe, au kifaa cha uani kinazima na kuwaka kwa sababu ya umeme mdogo, au LUKU ya upande ule imeisha. Ikikatika unapotembea tu, pakua programu ya bure ya kupima waifai inayoonyesha dBm pamoja na anwani ya kifaa ulichoshikamana nacho, uitazame huku unatembea polepole kutoka baraza hadi jiko. Utaona mahali hasa anwani inapobadilika, au inapokataa kubadilika.

Ikiwa inakataa, usiongeze nguvu ya mawimbi. Ipunguze. Najua linasikika kinyume, lakini ruta inayosikika hadi uani ndiyo inayoifanya simu ing'ang'anie. Kwenye ruta nyingi nguvu ya kurusha inashushwa kutoka kiwango cha juu hadi cha kati. Kama yako haina mpangilio huo, isogeze ruta itoke kwenye mstari wa korido, iingie ndani ya chumba, ili ukuta mmoja ukusaidie. Kifaa cha pili nacho kisitupwe mwisho kabisa wa uani ambako hakimsikii mwenzake. Kikae karibu na mlango wa nyuma, na kisiegemee bati wala tangi la chuma.

Kuna kosa jingine ambalo hapa kwetu nadhani ndilo lililoenea zaidi: vifaa viwili kuitwa meshi wakati ni ruta mbili tofauti zilizopewa jina moja la waifai. Kila moja inazigawia simu anwani zake za mtandao (IP), ambazo si ile anwani ya kifaa uliyoitazama kwenye jaribio. Simu ikihama inapewa anwani mpya, na simu ya video iliyofungwa kwenye anwani ya zamani inakufa, hata mawimbi yawe mazuri namna gani. Ingia kwenye ruta ya pili, iweke kwenye hali ya AP (kurusha waifai tu) au uzime DHCP (kazi ya kugawa anwani), ili ruta moja tu ibaki ikigawa anwani. Jina, neno la siri na aina ya ulinzi vifanane herufi kwa herufi.

Ukiwa humohumo kwenye mipangilio utakuta 802.11k, v na r. Washa k na v: ya kwanza huipa simu orodha ya vifaa jirani na chaneli zake isihangaike kukagua zote, ya pili huiruhusu ruta kuishauri simu ihame. Ile r hufupisha kubadilishana funguo. Faida yake kubwa iko maofisini ambako kila mtu ana akaunti yake. Nyumbani kwenye neno moja la siri inaokoa muda kidogo, na baadhi ya printa na simu za zamani hugoma kuunganika ikiwa imewashwa. Zikigoma, izime.

Mwisho ni njia ya kuviunganisha vifaa vyenyewe. Vikiunganishwa bila waya, na kikiwa na redio moja tu ya kupokea na kurusha mawimbi, kifaa cha uani kinapokea na kurusha kwa zamu, na kasi inapungua takriban nusu. Waya wa mtandao kati ya vifaa viwili unaondoa zamu hiyo. Unafika mita 100, na korido na uani kwa pamoja havifiki huko. Upitishe kwenye bomba la plastiki chini ya udongo, mbali na mfereji wa maji ya mvua.