Uwajibikaji wa kampuni kwa jamii: maana yake, na kwa nini sera yake hukwama

Uwajibikaji wa kampuni kwa jamii maana yake ni kampuni kukubali kwamba inabeba dhima ya athari ambazo maamuzi na shughuli zake zinawaletea watu na mazingira. Hivyo ndivyo unavyoeleza pia mwongozo wa kimataifa wa ISO 26000, uliotolewa mwaka 2010, ambao ni wa hiari na hautolewi cheti. Neno la kushika hapo ni athari. Wengi wetu huku mwambao, na hata maofisa wa kampuni zenyewe, tukisikia dhana hii hufikiria madawati ya shule, jezi za mpira na futari ya Ramadhani. Hiyo ni hisani, nayo ni jambo jema, lakini haiwezi kushika nafasi ya wajibu.

Kwa maoni yangu, mkanganyiko huo ndio kikwazo kikubwa kuliko vyote. Lamu imetupa funzo lake katika ujenzi wa bandari mpya, ingawa mradi ule ni wa serikali. Mwaka 2018, katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2012, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba haki za wakazi zilikuwa zimekiukwa, ikiwemo haki ya mazingira safi na haki ya kupata habari, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Mvuvi aliyezoea kutega malema, yaani mitego ya samaki, karibu na kwao, ambaye sasa hana budi kwenda mbali kwa chombo kisichohimili bahari kuu, anadai haki yake. Kumjengea mwanawe darasa hakulipi deni hilo, hata darasa liwe zuri namna gani.

Kikwazo kingine ni mahali sera inapoandikwa. Mara nyingi huandikwa makao makuu, kisha hukabidhiwa ofisa wa jamii ambaye hana bajeti wala uwezo wa kumwambia mhandisi asimamishe kazi. Ofisa huyo huitisha baraza asubuhi, wakati wavuvi wako baharini na kina mama wako kwenye shughuli zao, na wanaohudhuria ni wale wale wa kila siku. Halafu huandikwa kwamba jamii imeshirikishwa.

Matokeo yake huonekana kwenye vitu vidogo. Chukua tangi la plastiki linalotolewa kwa kijiji cha kisiwani: nembo ya kampuni bado inang'aa ubavuni, lakini koki imevunjika, imefungwa kwa kipande cha mpira, na kina mama wamerudi na ndoo zao kwenye jabia la zamani la kukingia maji ya mvua. Hakuna aliyeuliza ni nani atakayenunua koki nyingine. Huenda fedha zilezile zingetosha kukarabati jabia, ambalo wenyeji wanajua kulitunza, lakini jabia lililokarabatiwa halipendezi kwenye picha.

Sheria nayo haisukumi sana. India, kwa sheria ya kampuni ya mwaka 2013, inazitaka kampuni kubwa zitumie angalau asilimia 2 ya wastani wa faida yao ya miaka mitatu kwa shughuli za jamii. Kenya haina kiwango cha jumla cha namna hiyo. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 inawataka wakurugenzi wazingatie athari za shughuli zao kwa jamii na mazingira, na kuzingatia ni jambo gumu kulipima.

Upimaji wenyewe ndipo sera nyingi zinapojidanganya. Ripoti huhesabu fedha zilizotumika na matangi yaliyokabidhiwa, kwa kuwa hesabu hiyo hukamilika siku ya sherehe, ilhali kinachomhusu mkazi ni matangi mangapi bado yanatoa maji wakati wa kaskazi, msimu wa kiangazi, wa mwaka unaofuata.